Kamashini ya Marehemu Albert Isipande Boti ya Alhamisi

Baraka, jumatatu tarehe 14 mwezi wa tano 2001

Kwa Mama Présidente Félicité wa kwaya ya kanisa, pamoja na Comité yote yenye kukaaka ku benchi ya mbele

Concerne: kukataa kamashini ya marehemu Albert isipelekwe ku Kigoma

Mama Présidente,

Nakusalimia na heshima yote, mi Kassimu fundi wa radio, ule wa kibanda cha bati kando ya bamama ba ndagala, mwenye unamupitaka kila asubui bila kumuangalia. Siko na kasirani. Nasema mbele kabisa, juu muntu akiandika na kalamu ya bic nyekundu bantu banafikiriaka iko na kasirani. Ya bleu ilikwisha. Hii njo ilibakia.

Jana, kisha ibada yenu, Bonaventure wa piano alikuja hapa kwangu na kravati yake yote ku shingo, akasimama, akanisomea uamuzi wa Comité: alhamisi kamashini itoke kwangu, ipande boti ya Mahmudu, ivuke ziwa mpaka kwa fundi mukubwa wa Kigoma. Yule fundi amekwisha kutuma karatasi. Atatoa pile ya ndani, ile betri ndogo, atafuta yote, kamashini itakuwa kama imetoka kiwanda leo. Bonaventure alisoma "atafuta yote" na furaha, kama muntu anasoma zambi zake zimesamehewa.

Nikamuuliza: "Bonaventure, na wimbo wa kumi na saba?"

Akasema: "Kassimu, we ni Muislamu. Wimbo wa kwaya unakuangalia nini?"

Unaniangalia, Mama Présidente. Njo maana naandika. Na kwa vile barua hii itasomwa mbele ya Comité, na mule muna bantu bapya benye bametoka kimbilio juzi, nieleze kidogo. Hii kamashini marehemu Albert, mwalimu wenu wa nyimbo, alikuwa anaiita séquenceur. Haipite kaseti ya video kwa ukubwa. Ndani muko ngoma, besi, gitaa, piano, hata filimbi. Unafinya touche, bifungo byake, moja moja, yenyewe inakumbuka. Kisha unafinya touche ya kulia, ya kutoa sauti, inakuimbia yote pamoja, kama bantu kumi bameingia ndani ya sanduku ya sabuni. Albert aliipata kwa baharia mumoja wa Mpulungu, ikiwa imekwisha kuzeeka. Aliweka ndani nyimbo zenu kumi na sita. Siku chache mbele vita itukimbize ile mara kubwa, akaweka ya kumi na saba. Hakuna mwenye aliisikia. Alimuambia tu bibi yake Anastasie: "Hii ni yako, ngoja niimalize." Kisha tukakimbia, homa ikamukamata ku njia ya Lulimba, na munajua wapi tulimuacha.

Tangu siku ile, kila jumanne, Anastasie akimaliza kuuza ndagala zake anakuja kukaa ku bidon yangu, lile dumu tupu. Ananiuliza: "Kassimu, imeamka?" Namujibu: "Mama, ingali inalala, lakini inapumua." Miaka mbili sasa. Fundi wa Kigoma yeye hataangalia kama inapumua. Atafuta.

Basi, malalamiko yangu ni haya. Nimeyatia namba, juu munanisemaka sina mupango.

1. Kuhusu bidole byenu. Kamashini iko na touche zaidi ya arobaini. Albert alikuwa anazijua zote kama batoto yake. Nyinyi munajua moja tu, ile ya kulia. Chini ya kila touche kuko kampira, na ndani ya kampira kuko kadoa keusi kama mbegu ya papai, kenye kanapitisha courant ya umeme. Kale kadoa kanaisha kama sabuni. Albert alipokufa, kila muntu wa kwaya alikuja kufinya aone kama kamashini ingali na roho. Bamama ba soprano bakafinya na vidole gumba vya kumenya mihogo. Bonaventure akafinya kama anaita planton, yule tarishi wa ku bureau ya Administrateur. Nilipofungua, chini ya touche ya kulia nilikuta kipara.

Nimeitengeneza na karatasi ya kung'aa, ile ya ndani ya pakiti ya sigara. Ile karatasi ni Alphonse ndugu yangu anaitoa. Touche moja inaomba pakiti moja, juu natumia kipande cha katikati tu, chenye hakikunjwe. Alphonse anavuta kwa ajili ya kwaya. Anakohoa kwa ajili ya kwaya. Hamujamuombea hata jumapili moja.

Ilibakia touche mbili, ya kupandisha namba ya wimbo na ya kushusha. Zote mbili zilikufa. Sigara ya Alphonse ilikuwa imekwisha, basi nilikata kadoa ka ile ya kushusha nikakapa ile ya kupandisha. Kwa hiyo kakishikamana, namba itapanda tu, haitashuka tena, kama bei ya chumvi. Musinilaumu. Chumvi haikupita kwangu.

2. Kuhusu bunga. Hii ninyi benyewe mulifanya, na Mama Suzanne iko shahidi, juu ilikuwa ku mugongo wake. Siku ya kukimbia mulificha kamashini ndani ya mufuko wa bunga ya muhogo, basoda, bale askari, basiione. Sikatae, akili ilikuwa muzuri. Tena ilituokoa. Pale ku barrière, kizuizi chao cha njia, soda mumoja alitia mukono ndani ya mufuko aibe bunga, akagusa kitu kigumu chenye vidude vidude, akalia "Mine!", ile bomu ya kutegwa chini. Barrière yote ikakimbilia ndani ya ziwa na bunduki zao na viatu. Tulipita na bunga, na mbuzi, na Mama Suzanne akapita na kiti cha chef wa barrière, na yeye mupaka leo anakikalia akichambua mboga.

Lakini kisha pale mvua ilinyesha siku mbili. Bunga, maji, na moto wa mugongo wa Mama Suzanne mwenye iko anakimbia. Sitaki kuongeza neno. Nilipofungua kamashini nilikuta bugali. Simaanishi kitu chenye kufanana na bugali. Bugali. Nilikwangua na kijiko, na kuku wangu akala, na kuku yuko muzima.

3. Kuhusu ndagala. Mulipofika ku Lweba mukaona kamashini imelowa. Bantu bengine bangeita fundi. Comité ikakaa, ikaomba, ikaamua kuianika. Muliitandika ku muchanga katikati ya ndagala siku tatu, uso juu, na mama mumoja anaigeuza na fimbo pamoja na samaki. Écran, kile kioo kidogo chenye kinaonyesha namba, ikaiva nyeusi kama ndizi ya kusahauliwa. Hivi mukaniletea: bugali ndani, ndagala juu. Muliniletea chakula, Mama Présidente, hamukuniletea kamashini. Paka tatu zilinifuata mpaka kibandani, moja haijarudi ku Lweba mpaka leo.

Écran ile inakamataka namba kupitia ka-ruban, kautepe kembamba kenye kamegandishwa ku kioo na moto. Jua lenu lilikabandua. Dawa yake ni moto tena, lakini moto wa heshima. Nilichukua pasi ya makaa ya bibi yangu Mwanahamisi, nikaweka karatasi ya kaye, ya daftari, juu ya ruban, nikapitisha pasi pole pole kama kola ya shati ya harusi. Mwanahamisi akanikuta pale. Akasema: "We Kassimu, kanzu yako ya Idi inakunjamana tangu mwaka jana, leo unapigia kioo cha Bakristo pasi?" Mi nilikuwa nahesabu. Mistari ya écran ikarudi, mumoja, mumoja, yote, ila mumoja wa katikati. Kwa hiyo kila namba inaonekana kama imefungwa mukaba. Inasomeka.

4. Kuhusu jina langu. Dada Clarisse wa soprano amesema ku soko kwamba kamashini niliiuza ku Uvira, na hii iko hapa ni ganda tu. Mama Godelieve amesema haiko ganda, niliiloga. Naomba Comité ichague moja, siwezi kuuza kitu na kukiloga siku moja, niko muntu mumoja.

Tena bananicheka eti naimba nyimbo za kanisa. Ni kweli. Kamashini imekwama ku wimbo wa tatu tangu ile touche ya kupandisha ife. Muntu akijaribu touche ya kulia mara mia kwa siku, na kila mara unaanza wimbo wa tatu, ataujua tu. Najua soprano, najua tenor. Mwanahamisi anaimba besi akichuja mawese. Juzi Imamu alipita, akasimama ku mulango, akauliza: "Kassimu, iko nini humu?" Nikasema: "Imamu, iko kazi." Akasikiliza kidogo. Akasema: "Kazi yako iko na alto muzuri," akaenda.

5. Kuhusu kufuta. Hapa naomba Comité iache kucheka. Pile ya ndani ya kamashini, ndogo kama kifungo cha shati, njo yenye inashika kumbukumbu. Iko karibu kufa. Ikikatika dakika moja tu, wimbo wa kumi na saba umekwenda, na hakuna Kigoma yenye itaurudisha. Mi nimefunga pile mbili za tochi kando yake na nyaya, zinaisaidia, kama bantu babili banashika muzee ku mabega. Siku tulipokimbia ile mara ya mwezi wa tatu, niliacha sufuria, niliacha radio kumi na moja za bantu, nikakimbia na kamashini ndani ya shati na pile zake. Mwanahamisi alibeba batoto. Tulionana ku milima, akaniangalia shati, akanipa batoto nibebe.

Sasa nyinyi munataka fundi mwenye hamujui sura yake afute kwa kusudi. Mi nasema hivi: muntu mwenye anafuta sauti ya mwenzake bila kumuuliza, anyimwe meza ya Bwana. Mi sikalake ku meza ile, lakini kwa hili nakubaliana nayo. Tena akae miezi sita nje ya kwaya, asimame na bale ba kushika parapluie, miavuli ya benzao.

Angalia mi navyotunza. Kaseti yako, Mama Présidente, ile ya kwaya, upande A na upande B, yenye mulirekodi 1996 mbele ya hii taabu yote, yenye umeimba ubeti wa pili we peke yako, ile moja tu yenye imebakia duniani, si uliniletea ikiwa imetapika bande yote, ule utepe wa ndani? Nimeinyoosha na kalamu, nimeirudisha ndani, haikupotea hata neno moja. Iko hapa mbele yangu ku radio. Hivi njo bantu banatunzaka sauti ya mwenzao.

6. Kuhusu colle, ile gundi, na hapa njo naomba Comité inisaidie sana. Kazi yenye imebakia ni moja: kale kadoa ka touche ya kupandisha, nikafikishe ku wimbo wa kumi na saba. Nimekabandika tena jumamosi, mara ya ine. Colle yake inaomba siku tatu bila kutikisika. Mama Présidente, niambie we mwenyewe, tangu vita ianze, lini tulikaa siku tatu bila kutikisika? Mara ya kwanza, siku ya pili, basoda. Mara ya pili, siku ya pili, bengine basoda. Mara ya tatu ilifika siku ya tatu saa sita, nikaanza kucheka, bunduki ikalia ku kilima, kadoa kakahamia ku touche ya filimbi.

Kwa hiyo, na heshima zangu zote, naomba haya yafuatayo:

Boti ya Mahmudu iende bila kamashini, ibebe mihogo kama boti zingine.

Bidole bya Bonaventure bipimwe na kukatwa kucha mbele ya kanisa yote.

Kwaya ihamie kufanya mazoezi hapa kibandani, juu kamashini haiwezi kutembea. Soprano bataenea ndani, tenor basimame kwa bamama ba ndagala, besi bakae ndani ya ziwa, maji haifike ku magoti.

Mi niingie ndani ya Comité kama Conseiller, mushauri wa bitu bidogo. Siku ya ijumaa sitakuwako.

Na la mwisho. We Mama Présidente, mwenye hata basoda banakuitikaka "mama" na kofia mukononi, uende kwa commandant wa huku, kisha kwa commandant wa kule ku milima, uwaambie bote babili wasimamishe vita siku tatu. Siombe amani, najua amani iko na bakubwa bake na mikutano yake ku hoteli. Naomba colle ikauke. Siku tatu, kisha baendelee pale balipoachia.

Nafikiri nimesema bila kumukosea muntu, ila bale benye nimebataja. Unisalimie Pasta na familia yake, unisalimie Mama Suzanne na kiti chake, Bonaventure na kravati yake, Dada Clarisse umuambie nimemusamehe nusu. Alphonse anakusalimia na kikohozi. Mwanahamisi anasalimia bote ba besi. Paka ya Lweba pia iko.

Ni mi, mwenye kufungua bitu bya bantu na kujaribu kubifunga tena,

Kassimu, fundi wa radio, saa, tochi, na kwa sasa wimbo wa tatu

P.S. Jumanne, kisha soko. Mama Présidente, barua sikuwa nimeifunga. Kama umesoma yote ya juu, uisahau. Kama umeanzia hapa, umefanya muzuri.

Leo asubui colle ilikuwa imekauka. Tangu jumamosi hakuna mwenye alikimbia, sijui vita imesahau nini. Anastasie akaja, akakaa ku bidon, akauliza: "Kassimu, imeamka?" Nikamupa kamashini mukononi. Nikamuambia: "Finya we mwenyewe." Akafinya na kidole cha harufu ya ndagala, pole, kama anagusa jicho la mutoto. Ine. Tano. Sita. Namba zinapanda na mikaba yao. Ku kumi na saba nikashika pumuzi. Nikafunga waya ku radio kubwa. Akafinya touche ya kulia.

Haiko wimbo wa kanisa, Mama. Ni rumba. Rumba ya kucheza na bibi yako ndani ya nyumba, mulango umefungwa. Mama Godelieve alikuwa anapita na beseni ku kichwa, akalia: "Yesu! Hii si ya ibada!" lakini kiuno chake kilikuwa kimekwisha kujibu. Kisha besi ikaingia: tum, tum-tum, tum. Anastasie akatia mukono ku kinywa. We unajua Albert, chakula kikichelewa alikuwa anagonga beseni na kijiko, vile vile, mpaka jirani banamucheka. Tum, tum-tum, tum. Anastasie akasema: "Huyu ni yeye. Iko na njaa." Akacheka. Kisha hakucheka. Kisha yote mbili pamoja, na bamama ba ndagala bote bakaacha kuita bateja, kitu chenye sijaona tangu nizaliwe.

Akasema: "Rudisha." Nikarudisha. Akasema tena: "Rudisha." Nikaona écran inafifia. Wakati nilihamisha kamashini ku radio, waya wa pile za tochi ulikuwa umechomoka, na ile ndogo ya ndani ilikuwa inamaliza pumuzi yake ya mwisho. Sikuwa na wakati, Mama Présidente. Muntu hafikiri wakati ule. Kidole changu kilifinya touche nyekundu ya radio, ya kurekodi. Ikaingia yote, toka mwanzo mpaka pale Albert aliishia, juu kweli hakuimaliza: inakatika katikati, ku kugonga beseni, kama muntu anangoja sahani.

Kisha écran ikazima. Nilipoiwasha tena, hakuna kumi na saba, hakuna tatu, hakuna nyimbo zenu kumi na sita. Safi. Kama imetoka kiwanda leo. Kwa hiyo Mahmudu aipitie alhamisi, sina neno. Umuambie fundi wa Kigoma kazi ya kufuta nimemusaidia.

Na kaseti. Ndani ya radio mulikuwa kaseti moja tu. Unajua gani. Upande A. Pale penye ulikuwa unaimba ubeti wa pili we peke yako, sasa ni Albert na njaa yake. Kwa hiyo namba 5 uisome tena, lakini weka jina langu ndani. Kwa meza ya Bwana sikuwa nakula, mutanitafutia azabu ingine. Parapluie nitashika.

Anastasie ameondoka na kaseti. Anasema atakuletea mwenyewe jumapili usikie, lakini ataondoka nayo tena, na mukitaka kwaya yenu mutaenda kusikiliza kwake, ataweka maji ya chai.

Upande B mungali muko bote. Nilisikiliza mpaka mwisho kwa kuhakikisha. Pale mwanzo kabisa, mbele ya sauti zenu, Albert anahesabu moja, mbili, tatu, na munaingia.